Mchangiaji Akisema "Acha": Jinsi ya Kumwondoa Mtu Mwenye Laini Mbili na Barua Pepe Tatu

Tuseme wewe ni mweka hazina wa kikundi cha majirani mtaani. Jirani yenu amelazwa, bili ya hospitali inapanda kila kukicha, na kikundi kimekubaliana kuchanga. Mmepata Paybill, umeandika meseji fupi, umeituma kwa kila mtu ambaye namba yake mnayo. Wale wa ofisini na walio ng'ambo umewaandikia barua pepe. Pesa zimeanza kuingia. Mzee mmoja, mfanyakazi wa reli aliyestaafu, ametuma elfu mbili siku ya kwanza bila kusukumwa na mtu.

Wiki ya tatu mgonjwa anafariki. Mzee anatuma mchango wa mazishi, halafu anawajibu kwa upole: "Nimetoa nilichoweza. Tafadhali msinitumie tena." Unamwelewa. Unafuta namba yake hapohapo.

Kesho yake asubuhi meseji inaingia kwenye laini yake ya pili. Ni ile ya zamani, iliyopangwa ijitume yenyewe: "Bado hatujafikisha lengo. Tusaidie mgonjwa wetu apate matibabu." Jioni barua pepe yenye maneno hayohayo inafika kwenye anwani ambayo binti yake alimfungulia. Marehemu hajazikwa, na mzee ameombwa mara mbili amchangie apone.

Huu ni mfano tu, lakini ukiwa umewahi kukusanya michango kwa simu, unajua jinsi kosa kama hili lilivyo karibu. Hakuna aliyekusudia kumwudhi mzee. Ila yeye hajui habari ya orodha zenu. Anachojua ni kwamba alisema acheni, na hamkuacha. Siku nyingine mtaa ukimhitaji, simu yake haitashikwa.

Katika makala hii tunaeleza jinsi kikundi, chama, timu ya mpira, kanisa au msikiti unavyoweza kupokea ombi la kujiondoa kutoka kwa mtu mwenye anwani zaidi ya moja, na kulitekeleza lote. Mwishoni tumeweka sehemu ya wewe mchangiaji unayetaka meseji ziishe.

Jambo la kushika: anayeomba ni mtu, si namba

Mfumo wa kutuma meseji haujui watu. Unajua namba. Ukiuambia usitume kwa namba fulani, utatii namba hiyo na kuendelea na zile nyingine. Kwa mfumo, mzee wetu ni watu watatu: laini ya kwanza, laini ya pili na barua pepe.

Yeye anajijua kuwa mmoja. Anaposema "msinitumie tena", hasemi "msitumie laini hii". Kazi yako kama mweka hazina ni kuziba pengo hilo kati ya mtu na anwani zake.

Na hapa Kenya pengo ni kubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Laini za simu zinazotumika nchini sasa ni zaidi ya milioni 60, na kati ya hao watu wamo watoto wadogo wasio na simu. Maana yake ni kwamba watu wengi wana laini mbili au zaidi: moja ya kupokea pesa, nyingine ya bando rahisi, pengine moja ya kazi. Kwenye barua pepe ni vivyo hivyo. Mtu ana ya ofisini, ana ya Gmail aliyofungua akiwa chuo, na ana nyingine aliyofunguliwa saiba alipokuwa akijaza fomu za serikali.

Anwani zinaingiaje kwenye orodha yenu?

Kabla ya kumtoa mtu, jua aliingia kupitia milango gani. Kwa vikundi vingi milango ni hii:

- Daftari la mkutano. Aliandika namba yake kwa mkono siku ya mkutano.
- Group la WhatsApp. Mtu alinakili namba zote za wanachama na kuziweka kwenye orodha ya meseji.
- Taarifa ya malipo. Mliona jina la aliyelipa, mkatafuta namba yake ili mmshukuru, ikabaki humo.
- Fomu ya mtandaoni. Alijaza barua pepe na namba, labda si ile mliyokuwa nayo.
- Simu ya katibu. Kila kiongozi wa kikundi ana namba zake, na siku ya harambee zote zinatiwa chungu kimoja.

Mtu aliyepita milango mitatu ana nafasi tatu ndani ya nyumba. Ukimtolea mlangoni pa WhatsApp pekee, bado yumo kwenye daftari na kwenye fomu.

Kosa la kwanza: kufuta na kusahau

Wengi wakipokea ombi la kujiondoa hufuta mstari wa mtu huyo. Inaonekana kama heshima, kumbe ndiyo njia ya kumrudisha. Mwezi ujao katibu ataleta orodha mpya kutoka simu yake, namba ya mzee itakuwemo, na hakutakuwa na kitu cha kuwakumbusha kwamba huyu alishakataa. Mmefuta jina, na pamoja nalo mmefuta kumbukumbu ya ombi lake.

Dawa yake ni kuwa na orodha ya pili. Sisi tunaiita Orodha ya ACHA. Kazi yake ni moja tu: kuzuia. Kila anwani iliyomo haitumiwi ombi la mchango, hata ikitokea tena kwenye orodha nyingine kumi.

Orodha hiyo haihitaji mambo mengi. Weka haya tu:

1. Jina, kama mnavyomjua.
2. Namba zote na barua pepe zote zake mnazozijua.
3. Tarehe aliyoomba na njia aliyotumia (meseji, simu, ana kwa ana).
4. Alichoomba: kuacha kila kitu, au kuacha harambee hii moja.
5. Nani wa kikundi alipokea ombi.

Usiandike alichanga ngapi, anaishi wapi wala kwa nini amekataa. Hayo hayasaidii kuzuia meseji, na orodha ikivuja yatamwaibisha.

Hatua sita za kumwondoa mtu kikamilifu

*1. Pokea ombi popote litakapotokea.* Si kila mtu ataandika STOP. Mwingine atasema "nimechoka na hizi meseji" mkikutana pale stendi. Mwingine atamwambia mkeo. Yote ni maombi halali. Usimwambie mtu mzima ati arudi nyumbani akaandike rasmi.

Hapa kuna mtego. Meseji za jumla zinazofika zikiwa na jina la kikundi mahali pa namba ya mtumaji kwa kawaida haziwezi kujibiwa. Ukiandika "jibu ACHA" kwenye meseji ya namna hiyo, mtu atajibu na jibu halitawafikia. Weka namba ya kawaida ya simu ambayo mtu anaweza kupiga au kutumia meseji, na hakikisha kuna anayeisoma.

*2. Simamisha anwani iliyotumika, leo.* Usingoje mkutano wa Jumapili. Angalia pia meseji na barua pepe mlizopanga zijitume baadaye. Hizo ndizo zilizomfikia mzee wetu.

*3. Tafuta anwani zake nyingine.* Pitia kila mlango tuliotaja hapo juu. Tafuta kwa jina, kwa namba na kwa barua pepe. Sehemu inayofuata inaeleza jinsi ya kulinganisha.

*4. Thibitisha mara moja, kisha nyamaza.* Mtumie ujumbe mmoja mfupi kupitia njia aliyotumia yeye. Kwa mfano:

"Habari yako mzee. Tumesimamisha meseji za mchango kwenye namba hii na kwenye laini yako inayoishia na 482. Kama kuna anwani nyingine tunayokusumbua nayo, tuambie tuitoe. Asante kwa yote uliyotoa."

Ujumbe huo hauna namba ya Paybill, hauna "kabla hujaondoka" wala "una uhakika?" Pia hautaji namba ya pili yote, kwa sababu huenda simu imeshikwa na mtu mwingine.

*5. Andika kwenye Orodha ya ACHA.* Anwani zote chini ya jina moja, na tarehe.

*6. Pitisha kila orodha kwenye chujio.* Kabla ya kutuma chochote, linganisha orodha ya kutumia na Orodha ya ACHA. Fanya hivyo kila mara, hata kama mlituma jana. Mpeni mtu mmoja jukumu hili na mwingine wa kumshikia akisafiri. Kazi ya wote huishia kuwa kazi ya hakuna.

Kulinganisha: je, huyu ni yuleyule?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hivyo twende polepole.

*Namba za simu.* Namba moja inaweza kuandikwa kwa njia nyingi: ikianza na 07 au 01, ikianza na +254, au ikianza na 254 bila alama ya kujumlisha. Mara nyingine Excel huondoa sifuri ya mwanzo yenyewe, au huonyesha namba ndefu kama hesabu yenye herufi E katikati. Kompyuta ikiona hizo zote hudhani ni namba tofauti. Kanuni rahisi ni hii: ondoa nafasi na alama zote, kisha linganisha tarakimu tisa za mwisho. Zikifanana, ni namba moja. Na kabla hujabandika namba kwenye Excel, badilisha safu hiyo iwe ya maandishi ili sifuri isipotee.

*Barua pepe.* Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi kitu. Zigeuze zote ziwe ndogo. Kwa Gmail kuna jambo wengi hawalijui: nukta zilizo kabla ya alama ya @ hazihesabiwi. Mtu akiandika jina lake na la baba likiwa na nukta katikati leo, na kesho akaandika bila nukta, barua zinafika kwenye sanduku lilelile. Pia akiongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina lake, kwa mfano +mchango, bado ni sanduku hilohilo. Kwa hivyo kwenye anwani za Gmail ondoa nukta, ondoa alama ya kujumlisha na kilichoifuata hadi kwenye @, kisha linganisha. Usifanye hivyo kwa kampuni nyingine za barua pepe, maana kwao nukta inaweza kumaanisha mtu tofauti kabisa.

*Majina.* Jina la kwenye malipo ni lile la kitambulisho. Jina la kwenye daftari ni lile la mtaani. Mtu anayejulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza hataonekana hivyo kwenye taarifa ya malipo. Na watu wawili wanaweza kuitwa majina mawili yaleyale wakiwa hawajuani. Jina peke yake halitoshi kumwunganisha mtu. Baadhi ya taarifa za malipo siku hizi huficha tarakimu za katikati za namba ya mlipaji, kwa hivyo usibahatishe kujaza zilizofichwa.

Ukishapata kinachofanana, jiulize una uhakika kiasi gani:

- Una uhakika. Alikwambia mwenyewe, au alijaza namba na barua pepe kwenye fomu moja. Simamisha zote bila kuuliza.
- Karibu na uhakika. Barua pepe yake ina jina lilelile, na chini ya sahihi ameweka namba mliyo nayo. Simamisha zote, kisha mjulishe kwenye ule ujumbe wa kuthibitisha.
- Unabahatisha. Kinachofanana ni jina tu. Acha kutuma kwa hiyo anwani ya pili kwanza, na kwenye ujumbe wa kuthibitisha mwulize kama ana anwani nyingine.

Ukiwa na shaka, kosea upande wa kunyamaza. Aliyekosa meseji moja kimakosa atauliza, na mtamrudisha. Aliyekataa kisha akatumiwa tena hataki tena kuzungumza nanyi.

Hali ya kinyume: anwani moja, watu wawili

Mitaani kwetu simu moja inaweza kuwa ya mume na mke. Barua pepe moja inaweza kuwa ya familia nzima, au ya mtoto anayewasomea wazazi. Baba akisema "mniondoe", je, na mama ametoka?

Simamisha anwani hiyo kwanza, maana ni hiyo iliyokataa. Kisha, kama mnajua mama naye ni mchangiaji, mwulizeni yeye mwenyewe mkikutana kama ana namba nyingine angependa kutumia. Msimtumie baba ujumbe wa kumwuliza habari za mama.

Kuna pia laini zilizobadilisha wenyewe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na baadaye namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Mtu akijibu "sijui kikundi hicho, hii ni namba yangu", mwaminini. Iwekeni namba hiyo kwenye Orodha ya ACHA na muifute kwenye jina la mchangiaji wenu wa zamani. Huyo wa zamani hajajiondoa. Amebadilisha laini tu.

Kipi kinasimama, kipi kinaendelea?

Kujiondoa kwenye maombi ya mchango si kukataa kila neno kutoka kwenu.

*Kinachosimama:* maombi ya mchango, vikumbusho, mialiko ya harambee, habari za maendeleo ya mchango na salamu za sikukuu zenye namba ya Paybill mkiani.

*Kinachoendelea:* risiti ya pesa aliyotuma mwenyewe, taarifa kwamba malipo yake yamerudishwa, na jibu la swali aliloliuliza. Hizo ni haki yake. Lakini usitumie risiti kama mlango wa nyuma. Risiti inayomalizia kwa "tunaomba uongeze kidogo" ni ombi lililovaa koti la risiti.

Mpe pia nafasi ya katikati. Watu wengi hawataki kutoka kabisa. Wamechoshwa na meseji tano kwa wiki moja, au wanataka laini moja tu itumike. Swali "ungependa tutumie namba ipi peke yake?" limeokoa uhusiano mwingi. Liulize tu kama mtu hajasema waziwazi kwamba anataka kila kitu kiishe. Akishasema hivyo, usimpigie bei.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kufanya kazi tarehe 25 Novemba 2019. Inampa kila mtu haki ya kujua data yake inatumiwaje, ya kuiona, ya kutaka irekebishwe au ifutwe, na ya kupinga isitumiwe. Namba ya simu na barua pepe ni data yake. Kutumia data ya mtu kwa biashara kunahitaji idhini yake au ruhusa ya sheria, na kanuni za mwaka 2021 zinataka njia ya kujiondoa iwe wazi, isiyochukua muda wala juhudi kubwa, na iwe bure au ya gharama ndogo.

Mlalamikaji anaweza kwenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Ofisi hiyo haitishi bure. Mwaka 2023 ilitoza faini kampuni ya mikopo ya simu, mahali pa burudani na shule, kila mmoja kwa kutumia vibaya data za watu. Faini ya ile kampuni ya mikopo, iliyohusu namba za watu na meseji walizotumiwa, ilikuwa shilingi 2,975,000.

Huenda utauliza: mtu akitaka afutwe, si Orodha ya ACHA inavunja ombi hilo? Ndiyo maana tumesema iwe fupi. Mweleze kwamba mtabaki na anwani zake tu, kwa sababu moja: ili asitumiwe tena.

Kampuni za barua pepe nazo zimekaza. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye akaunti zake waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja kwenye barua za matangazo, na watekeleze ombi ndani ya siku mbili. Kikundi cha mtaa hakifikii idadi hiyo. Lakini siku mbili ni kipimo kizuri kwa mtu yeyote, na watu wakizidi kubofya "taka" kwenye barua zenu, hata barua kwa wale wanaozitaka zitaanza kupotelea kwenye folda ya taka.

Mambo matatu ya heshima

*Usimtangaze.* Kuandika kwenye group la WhatsApp kwamba "fulani amejitoa kwenye mchango" ni kumwaibisha. Kujiondoa ni siri kati yake na mweka hazina.

*Usianike anwani za wengine.* Ukituma barua pepe kwa watu wengi, waweke kwenye sehemu ya nakala fiche, ili mmoja asione anwani za wote. Vinginevyo hata mkimwondoa mtu, wengine hamsini tayari wana anwani yake.

*Usimdai kitambulisho ili aondoke.* Kusimamisha meseji hakuhitaji ushahidi. Ushahidi unahitajika mtu anapotaka kuonyeshwa data au kurudishiwa pesa. Na hakuna, tunarudia, hakuna kujiondoa kunakohitaji PIN. Anayekuambia utume PIN yako ili meseji ziishe ni mwizi.

Kama wewe ndiye mchangiaji

- Taja anwani zako zote mara moja. Andika: "Naomba mniondoe kwenye maombi ya mchango. Namba zangu ni hizi mbili na barua pepe ni hii." Utawasaidia wasikosee.
- Kumbuka kila laini ina ombi lake. Meseji nyingi za matangazo zinazofika kwenye laini za Safaricom humalizia na STOP *456*9*5#. Ukipiga namba hiyo, ombi linahusu laini uliyopigia. Kama una laini mbili, hakikisha umechagua ile sahihi kabla ya kupiga, kisha ishughulikie na ya pili.
- Hifadhi ushahidi. Piga picha ya skrini ya ombi lako na tarehe. Meseji zikiendelea, utakuwa na la kuonyesha.
- Usibofye viungo usivyovijua eti vya kujiondoa. Mpigie mweka hazina unayemjua.

Maswali tunayoyatarajia

*Amejiondoa, halafu akatuma pesa tena. Je, tumrudishe?* Hapana. Kutoa ni kutoa, si kuomba meseji. Mpeni risiti na asante. Akitaka kurudi, atasema.

*Ametoka kwenye group la WhatsApp. Je, tusimamishe na meseji?* Pengine amekimbia kelele tu. Msimrudishe kwa nguvu kwenye group. Mtu mmoja amwulize faraghani, mara moja, angependa vipi. Asipojibu, chukueni kimya chake kuwa jibu.

*Binti anasema baba yake asitumiwe tena. Tumkubali?* Ndiyo. Simamisha leo. Baba akitaka kuendelea atawaambia.

*Mchangiaji mwenyewe amefariki.* Tafuteni anwani zake zote siku hiyohiyo. Simu ya marehemu kwa kawaida hukaa na familia, na mjane hastahili kusoma ombi la mchango lililoandikwa kwa jina la mumewe.

Fanya hivi wiki hii

Chagua mchangiaji mmoja mnayemjua vizuri, umwombe ruhusa, kisha ujifanye amejiondoa. Tafuta kila mahali alipo: daftari, simu ya katibu, fomu, meseji zilizopangwa, barua pepe. Hesabu umempata mara ngapi na imekuchukua muda gani. Ukimpata mahali ambapo hukutarajia, hapo ndipo mzee wetu angetumiwa ile meseji ya pili.

Anayeruhusiwa kutoka kwa amani hurudi siku akiwa na uwezo, na hata asiporudi atawasemea vizuri kwa jirani. Ukikwama katika hatua yoyote, tupigie kupitia namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye programu yako.